Tarehe ya Kwanza Haifutwi

Picha za ultrasaundi za mama yule tumeziona sote kwenye kikao cha mapitio, zikapita mkono kwa mkono, na bado wapo waliosema mpimaji "alisahihisha" tarehe ya kujifungua. Hakusahihisha. Aliifuta tarehe iliyo sahihi akaandika isiyo sahihi, na siku ile halikufanyika kosa kubwa kuliko hilo. Kituo sikitaji. Ni cha ukanda wetu huu wa Kasulu na Kibondo, na uamuzi kama huo nimeukuta kwenye kadi nyingi.

Mkono wa mpimaji ni mzuri, nakiri: mkato wa AC (mzingo wa tumbo la mtoto) ulikuwa duara safi, mfuko wa chakula unaonekana, figo hazimo, mlalo wa mtoto na kondo la nyuma vimeandikwa.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Kadi ya kliniki ilikuwa na kipimo cha mimba changa: CRL (urefu wa mtoto kutoka utosini hadi makalioni) milimita 45, yaani wiki 11 na siku chache. Ukihesabu kutoka hapo, siku ya kipimo cha pili mama alikuwa ametimiza wiki 37. Mashine ikasoma BPD (upana wa kichwa) 86, HC (mzingo wa kichwa) 315, AC 280, FL (urefu wa mfupa wa paja) 66, ikatoa wastani wa wiki 34. Mpimaji akaushika wastani. Akaandika EDD (tarehe ya kujifungua) mpya, wiki tatu mbele ya ile ya kwanza, akahitimisha kwamba mtoto anakua vizuri kulingana na umri wake, na mama arudi baada ya mwezi.

Zitazameni tena zile namba. HC inasoma wiki 35, AC inasoma 32. Kichwa kimejikaza, tumbo limebaki nyuma. Mtoto akipungukiwa chakula kutoka kwenye kondo, damu huelekezwa zaidi kwenye ubongo, na ini hutumia akiba yake na kusinyaa. Ini ndilo linaloujaza mduara ule wa AC. Kwa wiki 37, AC ya 280 iko chini ya pasentaili ya 10, wala haihitaji mjadala. Namba nne zilikuja na habari ya mtoto aliyedumaa tumboni. Wastani ukaichukua habari hiyo ukaigeuza umri.

Kwa nini CRL ndiyo yenye kauli? Kwa sababu katika wiki za mwanzo watoto karibu wote hukua kwa mwendo mmoja, na kosa la kipimo ni siku 5 hadi 7. Baada ya wiki 28 kila mtoto ameshika mwendo wake, na kosa hufika siku 21 kila upande. Mpimaji alichukua kipimo chenye kosa la wiki tatu akakitumia kukivunja chenye kosa la wiki moja. Palipo na kipimo cha mapema, tofauti inayotokea mwishoni ni habari ya ukubwa wa mtoto. Haigusi umri. Mtoto wa darasa la tatu aliyedumaa hatumwandikii cheti kipya cha kuzaliwa ili kimo chake kionekane cha kawaida.

Na kosa hili limefanyika Kigoma, mkoa wenye malaria nyingi, ambako vimelea hujificha kwenye kondo na kuwapunguza watoto uzito. Huku AC ndogo ni ya kushukiwa kwanza. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate walau kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki 24. Sote tunajua ni wangapi wanaofika kliniki wakiwa wamechelewa, wa vijijini na wa kambi za wakimbizi pia. Mama huyu alitimiza. Alikuja mapema, tukampa tarehe nzuri, kisha tukaifuta sisi wenyewe.

Nimelisema hili la wastani wa mashine kwa miaka na sitaacha. Hugh Robinson alipochapisha vipimo vya CRL kutoka Glasgow mwaka 1973, alikuwa anatupa njia ya kujua umri mapema ili baadaye tuweze kupima ukuaji. Ni mji uleule ambako Ian Donald alianza mwaka 1955 kwa mashine ya kiwandani ya kutafuta nyufa kwenye chuma. Hawakuwa na kitufe cha kuwajibia. Wazee walionifundisha nao walisoma kadi kabla ya kushika probu, wakaandika kila namba kwa mkono, kisha wakaiweka kwenye jedwali la umri uliokwisha kujulikana. Leo jeli haijakauka, ripoti imeshatoka. Doppler, kipimo cha mtiririko wa damu, ilikuwapo kwenye mashine iliyompima mama huyu, na mshipa wa kitovu haukuguswa. Fomu ya daktari nayo ilisema "USS" (ultrasaundi) tu, bila swali lolote.

Mtoto yu hai, na heshima hiyo ni ya mkunga. Alipima kimo cha mfuko wa uzazi kwa futi kamba, akapata sentimita 32, akafungua kadi, akahesabu mwenyewe kutoka kipimo cha kwanza, akamkataza mama asirudi nyumbani. Mtoto alizaliwa na kilo 2.1. Mama angengoja ule mwezi, mimba ingefika wiki 41 juu ya kondo lililokwisha kuchoka.

Basi ripoti ya miezi mitatu ya mwisho ya mimba ianze hivi: tarehe ya kipimo cha kwanza, umri wa leo kwa tarehe hiyo, kisha pasentaili ya AC na ya uzito. Wastani wa mashine usiandikwe kabisa kama kipimo cha mapema kipo. Na msimamizi akiona EDD mpya juu ya CRL halali, asisaini.