Simba Aliyepotewa na Jina

Msomaji, maji yatekwayo chemchemini si sawa na maji yaliyopita mitungi mitatu kabla ya kukufikia. Kila mtungi huongeza ladha yake, na pengine huacha taka. Nyimbo nazo ni hivyo. Kurudia wimbo wa mwingine ni desturi njema ya tangu zamani. Lakini aigaye mwigo, bila ya kuusikia wimbo wa kwanza, hurithi makosa pamoja na mali.

Twaa mfano wa Mbube, yaani simba kwa Kizulu. Solomon Linda wa Afrika ya Kusini na wenziwe, walioitwa Original Evening Birds, waliuimba katika santuri mjini Johannesburg mwaka 1939. Sauti nzito za wenziwe hurudia maneno machache kama mchi kinuni, na juu yake sauti nyembamba ya Linda hupaa bila ya kizuizi. Karibu na mwisho alibuni papo hapo mfuatano mfupi wa sauti, mtamu kupita yote yaliyotangulia.

Santuri hiyo ilimfikia Pete Seeger huko Marekani. Neno lenye maana ya "wewe ni simba" likamgeuka sikioni, likawa Wimoweh, sauti isiyo na maana. Kundi lake, The Weavers, lilitoa wimbo huo mwaka 1952. Penye jina la mtungaji pakaandikwa Paul Campbell, mtu asiyekuwako.

Tangu hapo waigaji waliwafuata The Weavers, wala si Linda. Kingston Trio waliimba Wimoweh mwaka 1959, kosa likiwa vile vile. Mwaka 1961 The Tokens walitoa The Lion Sleeps Tonight, kwa maneno ya Kiingereza ya George David Weiss, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka 1982 Tight Fit waliurudia wimbo wa The Tokens, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza.

Haki yataka tuwasifu wastahilio. The Tokens walitambua kwamba johari ya wimbo ni ule mfuatano mfupi wa Linda, wakajenga beti zao juu yake. Hayo ni masikio mema. Walakini tazama kilichopotea. Katika wimbo wa Linda simba huitwa uso kwa uso; katika wimbo wao amelala, nasi twamsikia kama watoto wanaobembelezwa. Utamu umezidi, utisho umetoweka.

Je, kuja nyuma ni lazima kupotea? La. Miriam Makeba aliuimba mwaka 1960, miaka minane baada ya The Weavers, lakini kwa jina lake la Mbube. Yeye alikuwa mwana wa nchi ile. Aliijua njia ya chemchemini.

Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu hunipinga: bila ya miigo hiyo, nani angalimsikia Linda? Hoja yao ina nguvu. Ila miigo ilichukua sauti yake ikamwacha mwenyewe. Haki za wimbo alikuwa ameziuza kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962, wakati ambapo dunia ilikuwa ikiimba alichobuni. Hata mwaka 2006 ndipo warithi wake walipopatana na wenye haki hizo, na jina lake likakubaliwa miongoni mwa watungaji.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Siku utakapochaguliwa kuimba katika tamasha la shule, usitosheke na wimbo ulivyokufikia. Uliza nani aliutunga, kwa lugha gani, na neno usilolielewa lina maana gani. Kisha uimbe upendavyo, na jina lake ulitaje kabla ya kufungua kinywa.