Juu ya Farasi Mburo: Kasese na Bwera, Tumechelewa!

Niseme mapema, ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke na jambo lenyewe: kama unaishi kati ya Kasese na Bwera na hujawahi kupanda farasi kwenye Hifadhi ya Ziwa Mburo, tafuta nauli. Uza mbuzi ikibidi. Mapaja yananiuma, viatu vinanuka zizi, na nguo za safari hazijakauka kwenye kamba lakini tayari napiga hesabu za kurudi!

Sisi wa huku tunajiona tumeshawazoea wanyama. Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, iko mlangoni petu. Ukibahatika, kwenye barabara ya Bwera kwenda Kikorongo unamwona tembo kupitia dirisha la taksi. Wengine tunamfahamu tembo huyo kwa shari: unaamka asubuhi, unakuta mahindi yamelazwa chini na migomba imevunjwa. Mnyama wa porini kwetu ni wa kutazamwa kutoka ndani ya gari au wa kufukuzwa kwa kupiga madebe. Farasi amenionyesha kwamba ipo njia ya tatu, na hiyo njia imenitia wazimu.

Nilikwenda na shemeji yangu wa Butembo, aliyevuka mpaka pale Mpondwe na begi moja mgongoni. Kwangu ilikuwa safari ya ndani ya nchi, kwake ilikuwa likizo ya ng'ambo yenye muhuri kwenye hati. Kutoka Kikorongo unavuka ikweta, unapita daraja la Katunguru juu ya Mfereji wa Kazinga, unapanda milima ya Rubirizi, unashika Ishaka na Mbarara, halafu barabara ya Kampala hadi Sanga. Njia nzima ni lami na chai ya maziwa. Ukishaiacha milima nyuma, nchi inafunguka: nyasi, migunga, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu kupita mikono ya mtu.

Farasi wako Mihingo Lodge, juu ya kilima cha mawe ukingoni mwa hifadhi, upande wa mashariki. Hapa ndipo mshangao wa kwanza ulipo: hawakuulizi kama umezaliwa kwenye tandiko! Watu husafiri hadi Maasai Mara au delta ya Okavango kwa ajili ya safari za farasi, lakini kule wanatakiwa wapandaji waliokubuhu, kwa sababu simba na tembo hawana mchezo. Mburo haina tembo, wala haina makundi ya simba. Chui na fisi wapo, lakini hao ni watu wa usiku. Kwa hiyo hata mtu ambaye kipando chake cha maisha yote ni bodaboda anavalishwa kofia ngumu, anachaguliwa farasi mpole, anaonyeshwa namna ya kushika hatamu na kuweka miguu kwenye vikuku vya tandiko, kisha safari inaanza.

Nilipewa jike la rangi ya kahawia. Mtunza farasi aliona nilivyozikaba hatamu, akacheka. "Kaka, legeza mkono. Yeye njia anaijua, wewe keti tu." Nikalegeza. Jike likashusha pumzi ndefu, masikio yakasimama, na tukashuka kilima mguu kwa mguu kati ya mawe.

Halafu punda milia.

Jamani! Kundi zima lilikuwa limesimama njiani, na hakuna aliyekimbia. Tukasogea, wakaendelea kula. Tukasogea tena, hadi nikaona kupe kwenye sikio la mmoja wao na vumbi jekundu lililoganda kwenye milia ya tumbo. Ukiwa juu ya farasi, umbo la binadamu linapotea. Wao wanaona miguu minne na wanasikia harufu ya mla majani mwenzao. Swala pala wakainua vichwa, wakatutazama, wakarudi kwenye nyasi. Ngiri mmoja tu ndiye aliyeondoka, mkia juu, na huyo nadhani alikuwa na haraka zake.

Lakini kilichoniua kabisa ni pofu. Huyu ndiye swala mkubwa kuliko wote, dume lake huweza kufikia kilo 900, na kwa kawaida ni mwoga ajabu. Gari likisikika mbali ameshakwenda. Sisi tulimkuta dume mzee, shingo imening'inia ngozi, anavuka uwazi polepole. Kila alipotupa hatua nikasikia mlio mkavu: tak, tak, tak. Kiongozi wetu akanong'ona kwamba hayo ni magoti. Pofu dume hulia miguu anapotembea, na madume wengine hujua ukubwa wake kwa mlio huo. Ndani ya gari lenye injini inayonguruma usingeusikia kamwe. Juu ya farasi nilisikia magoti ya mnyama! Shemeji akanigeukia, macho yamemtoka: "Shemeji, hii njo likizo!"

Twiga nao wapo, na wana hadithi yao. Hifadhi hii ilitangazwa kuwa ya taifa mwaka 1983 kwa kuwaondoa wafugaji. Serikali iliyowaondoa ilipoanguka wengi walirudi kwa hasira, wanyama wakauawa, na baadaye mipaka ikapunguzwa. Mwaka 2015 Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ikaleta twiga kutoka Murchison Falls, nao wakapapenda. Kumtazama twiga ukiwa umeketi juu ya mnyama mwingine ni raha ya kipekee: bado amekuzidi urefu, lakini angalau mnaanza kuzungumza!

Utauliza kwa nini jambo tamu hivi halikuota mizizi kwetu zamani. Jibu ni wadudu. Mbung'o hueneza nagana, usubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na huo wa pili punda milia anaweza kuubeba bila kuugua huku farasi anakufa. Ndiyo maana Waethiopia wa nyanda za juu na wafalme wa savana za Afrika Magharibi walikuwa na wapanda farasi, na sisi tukabaki na miguu yetu. Ukiona farasi anayeng'aa manyoya pembeni mwa hifadhi yenye punda milia na mbung'o, ujue kuna watu wanaoamka alfajiri kwa ajili yake. Nyuma ya zizi nilimwona kijana ameinua kwato ya farasi, ameiweka juu ya paja, anachokoa udongo kwa kichuma kilichopinda bila kuinua kichwa, mguu wa kwanza hadi wa nne. Nilisahau hata kwenda kunywa chai.

Siku iliyofuata wakaturuhusu kuongeza mwendo. Telki kwanza, na telki ni adhabu: unarushwa kama gunia la kahawa kwenye lori la Kilembe. Kisha, penye uwanda usio na mashimo, shoti fupi. Hapo kila kitu kinatulia ghafla, tandiko linakuwa laini, upepo unaingia mdomoni kwa sababu mdomo umeufungua mwenyewe ukipiga kelele. Nilipiga kelele. Sioni aibu.

Sasa ya mfukoni. Farasi si starehe ya bei ya soko la Mpondwe. Kumtunza ni gharama, na mpandaji ndiye anayeilipa. Punguza makali hivi: safari ya mwendo mfupi inatosha kwa mara ya kwanza, na Mganda akionyesha kitambulisho hulipa kiingilio cha hifadhi kidogo sana kuliko mgeni wa kutoka mbali. Uliza mapema kuhusu uzito na umri, hasa ukienda na watoto. Vaa suruali ndefu, viatu vyenye kisigino kidogo, na mikono mirefu, kwa kuwa mbung'o hachagui farasi wala mtalii. Epuka nguo za buluu na nyeusi, hizo humwita. Panga pia usafiri wa kutoka Sanga kabla hujaondoka nyumbani. Na panda asubuhi, kabla jua halijawaka.

Je, inaishinda safari ya gari kule Queen? Kwa simba na tembo, hapana, baki kwetu. Kwa kila kitu kingine, naam, naam na naam tena! Sisi tuliokulia kati ya mlima na mbuga tunastahili kuwaona wanyama hivi angalau mara moja, bila kioo na bila debe. Na kama tarehe itagongana na harusi ya binamu pale Bwera, peleka mchango wako mapema kisha upande taksi. Binamu atasamehe, hasa akiziona picha.