Rangi Ilikuja Mwisho: Jinsi Nyumba Moja ya Ngoingwa Ilivyokaushwa

Ukitoka mjini Thika kwa barabara ya Mang'u, utakuta Ngoingwa ni mtaa wa nyumba za kila umri. Kuna ghorofa zilizomalizwa juzi, vioo vyake bado vina vumbi la simiti, na ubavuni mwake kuna bangalo za miaka ya 1980 na 1990: mawe ya Ndarugo, mabati ya mikunjo, madirisha ya chuma yenye vioo vilivyoshikwa kwa puti, sakafu ya simiti nyekundu inayong'arishwa kwa nta. Nyumba ninayoichambua ni ya kundi hili la pili. Ina vyumba vitatu vya kulala na miti ya mukima nyuma ya uwanja. Wenyewe wapya, mwalimu mstaafu na mkewe, waliihamia mwezi wa Januari.

Januari ni mwezi wa hatari kwa anayenunua nyumba ya zamani. Jua limekausha kila kitu, na muuzaji amepata nafasi ya kupaka rangi. Hii ilikuwa imepakwa krimu kutoka sakafuni hadi kwenye silingi bodi, mbichi kabisa. Mimi nikiona rangi mpya kwenye nyumba kuukuu inayouzwa, huuliza inaficha nini. Fundi aliyeitwa kukadiria gharama za ukarabati hakuuliza. Alitoa sarafu ya shilingi ishirini mfukoni, akachuchumaa, akaanza kugonga ukuta wa chumba kikuu cha kulala kuanzia chini. Hadi usawa wa goti plasta ililia tupu. Juu ya hapo ililia nzito.

"Mwalimu," akasema, "tukipaka hii leo, kabla ya Krismasi utanipigia simu, na hutanipigia ukicheka."

"Sasa fundi, unataka nikae hivi hivi?"

"Kaa mpaka mvua ikuonyeshe."

Ushauri huo ulimnyima fundi kazi ya miezi kadhaa, ndiyo maana nauthamini. Familia ilipitisha masika yote bila kugusa ukuta hata mmoja. Kila doa lilipotokea, mwalimu alilizungushia mstari wa penseli na kuandika tarehe pembeni. Kufikia mwisho wa Mei mistari ilikuwa imeshatenganisha maji ya aina mbili. Madoa ya dari yalitokea siku ya mvua na kukauka jua likiwaka siku mbili mfululizo, kwa hiyo hayo yalikuwa ya paa. Ule mkanda wa chini haukujali mvua ya leo wala ya jana. Ulipanda polepole, ukiwa sawa kama uliopimwa kwa pima maji, ukabaki pale hata wiki zisizo na mvua. Maji hayo yalitoka ardhini.

Kulikuwa na dhana ya tatu ya kuondoa, kwamba huenda ni jasho tu, mvuke wa pumzi na wa sufuria unaogandamana kwenye ukuta baridi usiku. Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Bandika kipande cha foili ya jikoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, kiache siku mbili. Unyevu ukionekana upande wa chumbani, fungua madirisha na usibomoe kitu. Ukionekana nyuma ya foili, ukuta wenyewe una maji. Hapa ulikuwa nyuma.

Kazi ilianza Juni, na ilianzia juu. Fundi alipanda darini saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa, na kila palipopenya nukta ya mwanga akasukuma kipande cha waya kutokea ndani. Aliyekuwa juu ya paa akawa anaona waya zikichomoza na kujua pa kufanyia kazi. Matundu mengi yalikuwa ya misumari: raba zake zilikuwa zimekatika kwa jua, misumari ikalegea, maji yakafuata. Wengi hukosea hapa kwa kuziba tundu lililo juu ya doa moja kwa moja. Maji yakishaingia hutembea juu ya mbao za kenchi, pengine mita kadhaa, kabla ya kudondoka. Misumari iling'olewa ikawekwa skrubu zenye raba mpya, na karatasi chache za bati zilizoliwa na kutu zikabadilishwa. Bahati yao paa lilikuwa la bati. Lingekuwa la asbesto, ambayo bado imebaki juu ya nyumba nyingi za umri huo, fundi asingeruhusiwa kuitoboa wala kuivunjavunja: kanuni za usimamizi wa taka zinaihesabu kuwa taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya mwenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira.

Kisha gata, na hapa hesabu inafaa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa hili lina kama mita za mraba 120, kwa hiyo mvua ya jioni moja ya milimita 40, isiyo ya ajabu Thika mwezi wa Aprili, huteremsha lita 4,800. Gata zilikuwa zimejaa majani ya mukima, mti unaopukutisha karibu mwaka mzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji hayo ilimwagika juu ya ukingo na kuanguka palepale kwenye mguu wa ukuta. Gata mpya zilifungwa kwa mteremko wa sentimita moja kila mita mbili na kuelekezwa kwenye tangi, na bomba la kufurikia likaenda upande wa chini wa ploti, mbali na shimo la septiki. Ukilipa shimo hilo maji ya paa, ardhi yake hushiba, na choo kitakujibu.

Kiini cha kazi yote kilikuwa chini. Nyumba za mawe huwa na karatasi ya DPC, utando usiopitisha maji unaolazwa juu ya msingi ili jiwe la ukuta lisifyonze unyevu wa udongo. Jiwe la Ndarugo ni la asili ya volkano, laini kukata na lenye vitundu vidogo vidogo, na vitundu hivyo hunyonya. Kanuni ni kwamba ardhi ya nje ikae sentimita 15 au zaidi chini ya karatasi hiyo. Mwalimu alikuwa ameshashauriwa kwamba karatasi imeoza na dawa yake ni kutoboa ukuta mzima na kuupiga sindano za kemikali, kwa bei ya kuudhi. Fundi alichimba kwanza. Kwenye kona ya chumba cha kulala sururu ilipita kabro, ikapita tabaka la mchanga, ikapita udongo mweusi wa bustani ya maua ya zamani, ndipo ukingo wa karatasi ukaonekana, mzima, ukiwa umefukiwa. Kila aliyekaa pale aliongeza kitu nje: huyu maua, yule kabro. Ardhi ikapanda hadi ikalingana na sakafu, na maji yakapata daraja la kupita juu ya kizuizi chao.

Dawa basi ilikuwa jembe. Kabro ziling'olewa, udongo ukashushwa kuzunguka nyumba nzima, ukachimbwa mfereji mwembamba uliojazwa kokoto, na ardhi ikapewa mteremko wa kuondoka ukutani. Kazi hiyo waliifanya watu wa mkono wawili, kwa malipo ya siku. Sioni sehemu nyingine ya ukarabati huu iliyorudisha thamani kubwa hivyo kwa fedha kidogo hivyo, wala nyingine ambayo ingekuwa rahisi zaidi kurukwa, maana hakuna mgeni atakayeisifu.

Ndani, plasta iliyolia tupu ilibanduliwa hadi juu ya mstari wa mwisho wa penseli. Mawe yaliachwa wazi. Chumvi nyeupe ilipochanua juu yake, iliondolewa kwa brashi kavu. Ukiiosha, inayeyuka na kurudi ndani ya jiwe. Mafundi wengi hukadiria kwamba ukuta unyevu hukauka kwa mwendo wa inchi moja kwa mwezi, na huu ni wa inchi tisa. Ukiwa uchi pande zote mbili na jua la Thika likisaidia, ulihitaji muda mfupi kuliko huo, lakini hakuna aliyeharakisha. Mvua za vuli ndizo zilizokuwa mtihani: Novemba ikapita na mawe ya chini hayakubadilika rangi.

Muda huo wa kungoja haukupotea, kwa sababu ukuta usio na plasta ndio wakati wa kupitisha stima. Nyaya za zamani, nyekundu na nyeusi, zilipimwa kwa volti 500. Saketi yoyote iliyosoma chini ya megaomu moja ilivutwa upya. Kosa kubwa lilikuwa bafuni. Shawa ya umeme ya wati 5,400 kwenye volti 240 huvuta ampea 22 na nusu, na ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa soketi, wa milimita za mraba 2.5, ambao kwa mzigo huo unafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, tena ndani ya bomba na nyuma ya plasta. Fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aliipa waya wake wa milimita sita, swichi yake kwenye boksi la fyuzi, na kikata umeme cha miliampea 30 kinacholinda mtu. Waya wa ardhi nao ulikuwepo kwa jina tu, ukaunganishwa upya na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini.

Plasta mpya ilichanganywa sehemu moja ya simiti, moja ya chokaa na sita za mchanga. Chokaa hufanya plasta ipumue. Vijana wa hadiwea walisisitiza rangi ya kuzuia maji, nao wanauza walichonacho, lakini kuipaka ndani ya ukuta wenye unyevu ni kumfungia mwizi mlango akiwa bado sebuleni. Walipaka emalshini ya kawaida, mwezi wa Februari, mwaka mmoja na kidogo baada ya kuhamia. Kwenye madirisha rangi ya zamani ilisuguliwa kwa msasa uliolowa, watoto wakiwa mbali, kwa sababu rangi za mafuta za enzi hizo zinaweza kuwa na risasi nyingi kupita kikomo cha sasa cha sehemu 90 kwa milioni.

Sakafu nyekundu ilibaki. Mke wa mwalimu alitaka vigae na bado anavitaka. Kwa maoni yangu wasubiri masika mengine mawili: unyevu uliobaki chini ya sakafu ukizibiwa kwa vigae hutafuta njia ya pembeni, na pembeni ni kuta zilezile.

Na upo upande mmoja ambao haujapona, ukuta wa jikoni unaotazama ploti ya jirani. Huko kunajengwa ghorofa, na mjenzi amejaza udongo hadi karibu mita moja juu ya ardhi ya mwalimu, bila ukuta wa kuzuia wala mfereji. Mkanda wa jikoni ulipungua, kisha Aprili ukasimama. Sururu ya upande mmoja wa ua haiwezi kuumaliza. Mfereji unaotakiwa upite mpakani, na uwe umekubaliwa na kulipiwa na pande zote kabla jirani hajamwaga zege la uwanja wake. Mazungumzo yameanza, na mwalimu aliyaendea akiwa na picha za ule ukuta wenye tarehe za penseli.