Leseni Bila Tafsiri: Wimbo wa Bembelezi "Rorogwela" kama Muziki wa Usuli wa Matangazo ya Video

Ikisiri
Makala hii inahakiki namna wimbo wa bembelezi kutoka Visiwa vya Solomon ulivyogeuzwa kuwa muziki wa usuli wa matangazo ya biashara. Hoja ya msingi ni kwamba kuchagua muziki wa tangazo ni tendo la kusoma matini, na kwamba leseni inayohusu sauti peke yake huuacha wimbo bila maneno yake na mwimbaji bila jina lake. Makala inapendekeza hati ya leseni ibebe tafsiri, muktadha wa utendaji na nafasi ya kukataa.

1.0 Utangulizi
Lugha ya matangazo ya biashara imehakikiwa sana katika taaluma ya Kiswahili: methali zake, misimu yake, tamathali zake. Muziki wa usuli, yaani ule unaosikika chini ya picha na sauti ya msemaji, haujapewa uzito huo. Hudhaniwa kuwa pambo. Lakini huo ndio unaomwambia mtazamaji ahisi nini kabla hajaambiwa anunue nini.

Mtengenezaji wa tangazo la video anayetaka wimbo uliokwisha kurekodiwa huhitaji idhini mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, nayo hutolewa na mtunzi au mchapishaji wake. Ya pili ni ya rekodi, nayo hutolewa na anayeimiliki, ambaye mara nyingi ni kampuni. Kila idhini hutaja eneo, muda na chombo: wimbo ulioidhinishwa kwa runinga ya nchi moja kwa miezi sita hauwi halali mtandaoni duniani kote kwa sababu tu umelipiwa. Utaratibu huu ni mzuri pale ambapo mtunzi anajulikana. Wimbo unapoandikwa kuwa ni "wa jadi", idhini ya kwanza hukosa wa kuombwa, ikabaki ya mwenye rekodi. Mwimbaji ambaye si mtunzi wala mwenye rekodi hujikuta nje ya mlango.

2.0 Safari ya "Rorogwela"
Mwaka 1970, mtaalamu wa muziki wa jamii Hugo Zemp alimrekodi mwanamke aitwaye Afunakwa, wa jamii ya Wabaegu katika kisiwa cha Malaita, akiimba bembelezi liitwalo "Rorogwela". Rekodi hiyo ilitolewa baadaye katika mfululizo wa muziki wa dunia uliosimamiwa na UNESCO. Mwaka 1992 wanamuziki wa Ufaransa, Eric Mouquet na Michel Sanchez, waliokuwa wakijiita Deep Forest, waliichukua sauti ya Afunakwa, wakaizungushia ngoma na vinanda vya kielektroniki, wakaiita "Sweet Lullaby". Mtafiti Steven Feld, katika makala yake ya mwaka 2000, anaeleza kuwa nyimbo za albamu hiyo zilitolewa leseni kuwa muziki wa usuli wa matangazo ya runinga ya kampuni kama Neutrogena, Coca-Cola, Porsche na Sony. Mwaka 2006 "Sweet Lullaby" ilisikika tena katika video ya Mmarekani Matt Harding akicheza nchi baada ya nchi, kwa udhamini wa chapa ya chingamu.

Zemp mwenyewe alilalamika hadharani mwaka 1996 juu ya matumizi ya rekodi yake. Mwaka huohuo mpiga saksafoni wa Norwe, Jan Garbarek, alitoa muziki uliojengwa juu ya mahadhi hayohayo na kuupa jina linaloutaja kuwa bembelezi la Mbilikimo. Wimbo wa Bahari ya Pasifiki ukawa wa misitu ya Afrika ya Kati, kwa sababu albamu ya Deep Forest ilijinadi kwa jina la watu wa misitu hiyo. Hapa suala linatugusa moja kwa moja: majirani zetu wa Kongo walibandikwa sauti ambayo hawakuiimba, na Wabaegu wakanyang'anywa ile waliyoiimba.

3.0 Sauti iliyobaki, maneno yaliyoachwa
Katika "Rorogwela" mtoto mkubwa anambembeleza mdogo wake anayelia. Anamuuliza ni nani mwingine atakayembeba, kwa kuwa wote wawili sasa ni yatima. Faraja anayompa ni kwamba wazazi waliokufa wanawatazama kutoka kisiwa cha wafu. Ni wimbo wa msiba ulioimbwa kwa sauti ya kulaza.

Msomaji wa fasihi simulizi ya Kiswahili hatashangaa. Bembelezi zetu nazo zina hadhira mbili: mtoto, anayepokea mahadhi, na watu wazima walio karibu, wanaopokea maneno. Mlezi huitumia nafasi hiyo kusema uchovu, ukiwa au shutuma ambazo asingeweza kuzisema waziwazi. Ukiondoa maneno, umeondoa hadhira ya pili, na pamoja nayo nusu ya utanzu.

Hivyo ndivyo tangazo lilivyofanya. Wakala wa matangazo mara nyingi hupendelea wimbo wa lugha ambayo walengwa hawaielewi, kwa kuwa maneno yake hayashindani na ya msemaji. Kutoeleweka kunakuwa sifa ya bidhaa. Mtazamaji anaalikwa kuhisi usafi, upole na udugu wa dunia, huku yatima wakilia chini ya picha. Kinaya hiki hakikukusudiwa, na ndiyo maana hakina thamani ya kisanaa: kinaya huhitaji mtu anayejua pande zote mbili.

4.0 Hoja ya upande wa pili
Inaweza kudaiwa kwamba wakala aliyelipia hati halali hana kosa, na kwamba fasihi simulizi imeishi siku zote kwa kubadilishwa. Dai la kwanza ni kweli kisheria, nalo linaonyesha upungufu wa hati yenyewe: inathibitisha nani amelipwa, haithibitishi kwamba wimbo umeeleweka. Dai la pili linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Fanani anayebadili wimbo kijijini hufanya hivyo mbele ya hadhira inayoujua, yenye uwezo wa kumkosoa, kumcheka au kumnyamazisha. Mabadiliko ya tangazo hufanywa pale ambapo wajuzi hawapo. Harding alipofika baadaye Visiwa vya Solomon kumtafuta Afunakwa, alikuta amekwisha kufariki; aliowakuta ni jamaa zake.

5.0 Funzo kwa ukanda wetu
Sheria zetu hazilali kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina vifungu kuhusu sanaa za jadi. Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, chini ya ARIPO, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na semi za kitamaduni zinaitambua jamii kuwa mwenye haki, na zinadai idhini itolewe mapema na kwa kuelewa.

Hata hivyo, idhini ya kuelewa haiwezekani bila tafsiri, na tafsiri ni kazi yetu. Vyuo vyetu vina hifadhi za nyimbo zilizorekodiwa na watafiti na wanafunzi kwa miaka mingi. Kila rekodi inayoweza kukodishwa iambatane na mambo manne: jina la mwimbaji na lugha yake, maneno kamili na tafsiri yake, muktadha wa utendaji, ikiwa ni wa harusi, unyago, matanga au malezi, na tamko la mwimbaji au jamii kuhusu matumizi wasiyoyataka. La nne ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa idhini isiyoweza kunyimwa si idhini.

6.0 Hitimisho
Uhakiki uliishia kwenye neno linalotamkwa katika tangazo. Unapaswa kushuka hadi kwenye sauti iliyo chini yake. Rekodi ya "Rorogwela" ililindwa na mwenye rekodi, na mahadhi yake yakapata soko. Maneno hayakuwa na mlinzi, kwa sababu hakuna aliyetakiwa kuyasoma kabla ya kutia saini. Hifadhi ya sauti itakayoanza kudai usomaji huo haitazuia biashara ya muziki. Itahakikisha kwamba anayekodi wimbo wa msiba anajua kuwa ni wa msiba, na kwamba wafiwa wameulizwa.