Unga, Mayai na Mikono ya Bologna

Unga wa ngano na mayai, basi. Maji hayatiwi, mafuta hayatiwi, na wengi hawatii hata chumvi. Jikoni kote Emilia-Romagna, mkoa wa kaskazini mwa Italia ambao makao makuu yake ni Bologna, kipimo ni kilekile: gramu 100 za unga kwa kila yai. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukikariri. Lakini mpe kipimo hicho mtu ambaye hajawahi kuushika unga huo, na atakachokisukuma kitakuwa kinene hapa, kimetoboka pale, wala hakitafika mezani.

Unga huo uliosukumwa kwa mkono hadi ukawa kama kitambaa chepesi huitwa sfoglia. Humo ndimo zinamotoka tagliatelle, zile tambi bapa za mchuzi wa nyama, na humo ndimo zinamotoka tortellini na lasagne. Mwanamke anayeisukuma ni sfoglina, na kazi yake ni mojawapo ya kazi za jikoni ninazoziheshimu kuliko zote.

Anaanza kwa kumwaga unga juu ya ubao mpana wa mbao, anachimba shimo katikati, anapasulia mayai humo. Anayavuruga kwa uma taratibu, yakichukua unga wa pembeni kidogo kidogo, maana ukuta ukibomoka mapema ute unakimbilia sakafuni. Mayai hayalingani ukubwa, na jiko la siku ya mvua si jiko la siku ya jua. Kwa hiyo unga hautii wote. Anabakiza kiasi pembeni na kuviachia vidole viamue. Ukinata, ananyunyizia kidogo. Ukiwa mkavu, analowesha viganja tu. Kisha anakanda: anasukuma mbele kwa kiganja, anakunja kurudi kwake, anageuza donge, anasukuma tena. Dakika kumi, hata kumi na tano, mpaka donge likibonyezwa kwa kidole linajaa tena lenyewe.

Hapo analifunika na kuliacha kama nusu saa. Wenye haraka huiruka hatua hii, na hapo ndipo wanapoharibu kazi. Kukanda kumezishikanisha protini za ngano zikawa nyuzi zilizokaza. Ukilisukuma donge wakati huo, linajivuta na kurudi lilikotoka. Likipumzika, nyuzi zinalegea na unga unakubali kwenda unakopelekwa.

Sasa mattarello, yaani mti wa kusukumia. Ni mrefu, unakaribia mita moja, umenyooka na hauna vishikio. Anayejua kusukuma chapati atadhani kazi hii anaijua, na kwa dakika za mwanzo yuko sawa: duara linapanuka, linageuzwa, linasukumwa tena. Mambo hubadilika duara linapozidi upana wa sinia. Kuanzia hapo sfoglina haukandamizi unga. Anauviringisha kwenye mti, anaweka viganja katikati, na huku mti ukienda mbele na kurudi, viganja vinateleza kuelekea ncha zake mbili. Unga unavutwa kwa upana pasipo kubanwa. Anaukunjua, anaugeuza, anaushika kwa upande mwingine. Sehemu moja anaiacha ining'inie ukingoni mwa ubao, uzito wake wenyewe usaidie kuivuta. Mtazame mabega yake: yametulia. Nguvu inatoka kiunoni, mikono inaiongoza tu.

Tena hana muda wa kupoteza. Sfoglia ikishatandazwa inaanza kukauka, na ikikauka kabla haijawa nyembamba inapasuka kingo. Subira yote ameitumia kwenye donge. Hapa anatakiwa kujua la kufanya pasipo kusita. Bologna husemwa kwamba sfoglia iliyokamilika ukiinua mbele ya dirisha utaliona kanisa la San Luca, lile lililo juu ya kilima nje ya mji. Huo ndio wembamba unaotakiwa, na uwe sawa kila mahali, kwa sababu penye unene patabaki pabichi wakati pengine pameshaiva.

Mashine ya chuma ya kusukumia ipo, na familia nyingi zinaitumia. Siwalaumu watu wenye kazi na watoto. Lakini mashine hubana unga kati ya vyuma viwili vilaini, ukatoka laini mno. Ubao na mti wa mbao huacha mikwaruzo midogo ambayo jicho haliioni ila ulimi unaihisi. Mchuzi unashika humo badala ya kuteleza na kubaki chini ya sahani.

Sfoglia ikishakauka kidogo, isinate wala isivunjike, inakunjwa na kukatwa kwa kisu kipana. Tarehe 16 Aprili 1972, tawi la Bologna la Accademia Italiana della Cucina liliwasilisha kwenye Chemba ya Biashara ya mji huo kipimo rasmi cha tagliatella: milimita 8 ikishapikwa, yaani sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli. Nafurahi kwamba mji umeona tambi inastahili kupimwa kwa mnara wake mrefu kuliko yote. Sfoglina, kwa upande wake, hukata kwa jicho, na jicho halimdanganyi.

Maarifa haya yalikaa majumbani muda mrefu kabla ya kuingia vitabuni. Pellegrino Artusi, mfanyabiashara aliyezaliwa Forlimpopoli mwaka 1820, alichapisha kwa fedha zake mwaka 1891 kitabu cha mapishi 475; kilipoendelea kuchapishwa upya, mapishi yalifika 790, mengine yakitokana na barua za wanawake waliomwandikia kutoka sehemu mbalimbali za Italia. Mapishi yalijaribiwa nyumbani kwake Firenze na Marietta Sabatini pamoja na mpishi Francesco Ruffilli. Artusi alipofariki mwaka 1911, wosia wake uliwaachia hao wawili haki za kitabu. Alifahamu kilitoka mikononi mwa nani. Leo, huko Forlimpopoli, wapo wanawake wanaojiita Mariette kwa heshima ya Marietta, na wanafundisha kusukuma sfoglia kwa mkono, mwanafunzi akiwa amesimama kando ya mwalimu mbele ya ubao.

Tagliatelle mbichi huiva kwa dakika mbili tatu tu. Vipande vya kingo, vilivyokaa upande upande na visivyofaa kuwa tambi, havitupwi. Hukatwa ovyo kwa kisu kilekile, vinaitwa maltagliati, na huingizwa dakika za mwisho kwenye sufuria ya supu ya maharage, ambako unga ulioshikamana navyo huifanya supu iwe nzito.