Shefu Hafundwi Peke Yake

Cibitoke ninayoizungumzia hapa si ule uliokuwa mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Burundi. Ni zoni ya kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Kamenge, Kinama na Ngagara. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa hii ilitenganishwa kwa mtutu wa bunduki, na Cibitoke, iliyokuwa na Wahutu na Watutsi waliochanganyika, ikabaki na upande mmoja. Anayefungua karakana au shule hapo leo anaajiri watoto na wajukuu wa historia hiyo. Msimamizi wao, yaani shefu, naye akibahatika, mafunzo yake yote ya uongozi ni semina ya hotelini yenye posho na cheti.

Burundi yenyewe imewahi kuonyesha njia nyingine. Machi 2003, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado havijaisha, kikundi cha kwanza cha mradi wa mafunzo ya uongozi ujulikanao kama BLTP kilikutana mjini Ngozi kwa siku sita. Aliyeuanzisha ni Howard Wolpe, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Marekani katika Maziwa Makuu. Kituo cha Woodrow Wilson cha Washington kikausimamia na Benki ya Dunia ikatoa fedha.

Ufundi ulianzia kwenye uteuzi. Waandaaji hawakuziandikia wizara na vyama kuomba majina. Waliwauliza Warundi wa pande mbalimbali: nani, awe na cheo au asiwe nacho, anasikilizwa na watu? Walioitwa wakawa wanasiasa, wanajeshi, waasi na watu wa mashirika ya kiraia, na wote wakawekwa chumba kimoja. Kila mtu alikaa na yule ambaye kesho yake angelazimika kufanya naye kazi.

Kisha wakacheza. Mchezo wenyewe unaitwa SimSoc, uliobuniwa na mwanasosholojia wa Marekani William Gamson miaka ya 1960. Washiriki hugawanywa katika kanda nne. Kanda moja ina kazi na chakula cha kutosha. Nyingine haina kitu. Kutoka kanda hadi kanda kunataka tiketi ya safari, na tiketi ziko kwa wachache. Saa chache zikipita, walioshiba wanapanga mikakati ya nchi nzima bila kumuuliza mtu, na wenye njaa wanapanga kuwapindua. Mara nyingi waliomo kwenye kanda ya neema hushangaa kweli kwamba kuna mtu amekasirika.

Utamu uko kwenye mazungumzo yanayofuata. Mtu aliyezoea kusema ugomvi wa nchi yake unatokana na kabila anajiona, mbele ya wenzake, akimnyima jirani tiketi wakati mchezo haukumpa kabila lolote. Hotuba ya profesa haiwezi kumfikisha hapo, kwa sababu hotuba unaweza kuibishia, lakini ulichokifanya asubuhi kila mtu amekiona.

Baada ya mchezo ndipo zilipofuata stadi nyingine: kusikiliza hadi uweze kurudia hoja ya mwenzako naye akakubali kwamba ndivyo alivyosema, na kujadiliana kwa kutafuta haja iliyojificha nyuma ya dai. Fundi anayedai nyongeza huenda kinachomuuma ni mshahara unaochelewa kila mwezi. Shefu asiyeuliza atashindana na dai ambalo si lenyewe.

Mwishoni mwa 2003 mbinu hizo zilipelekwa kwa makamanda wa jeshi la serikali na wa makundi ya waasi, waliokutanishwa Nairobi. Desemba 2004 sheria iliunda jeshi jipya, FDN, lililowaunganisha. Jeshi halikujengwa na warsha. Lilijengwa na mikataba ya Arusha na Pretoria. Lakini kumpa amri mtu uliyekuwa ukimwinda juzi ni kazi ya usimamizi, na kazi hiyo hujifunzwa.

Kuna upande wa pili. Aprili 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipoteuliwa kugombea muhula wa tatu uliobishaniwa kama katiba inauruhusu, Cibitoke ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kuandamana, na mwezi uliofuata baadhi ya maafisa wakajaribu kupindua serikali. Jeshi liligawanyika, ingawa mgawanyiko haukufuata kabila. Naona hapo kipimo cha haki cha mafunzo ya aina hii: yanaweza kubadili namna watu wanavyotazamana, lakini hayawezi kuziba pengo la kanuni ambayo wakubwa hawakubaliani inasema nini.

Kwa hiyo wewe mwenye karakana au shule, fedha uliyotenga kumpeleka msimamizi mmoja hotelini itumie kuwakalisha pamoja msimamizi, mhasibu, mtunza stoo na fundi mkuu, siku mbili, simu zikiwa zimezimwa. Wape tatizo la kweli lenye watu wa juu na wa chini, kisha wabadilishe nafasi. Na kabla hawajaondoka waandike, wakatie saini: nani anaamua nini, na anayeona ameonewa anamwendea nani.