Fundi na Kitambaa Chake

Yoti ikiingia hori la Kilifi, macho ya watu huenda kwenye mlingoti, tanga na rangi ya ubavuni. Hakuna anayeuliza habari za mafuta. Lakini katika yoti kubwa za leo mafuta ndiyo yanayogeuza usukani, yanayokaza nyaya za mlingoti, yanayokunja tanga, yanayong'oa nanga, na hata kushusha ngazi ya shetri mwenye chombo atakapo kuogelea. Yamefichwa chini ya sakafu, ndani ya paipu za chuma na mipira myeusi, na fundi anayeyatunza hufanya kazi akiwa amelala kifudifudi mahali ambapo mgeni hakaribishwi. Ndiye ninayetaka kumsifu.

Kanuni anayoitumia ni ya kale. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, alieleza kwamba ukikandamiza maji yaliyofungiwa, shinikizo husambaa kila upande bila kupungua. Zaidi ya miaka 100 ikapita ndipo Joseph Bramah, fundi wa Uingereza, akapata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji, mwaka 1795. Mashine ikamtesa kwa jambo moja tu: ilivuja. Akikaza kizibo, pistoni inakwama. Akikilegeza, maji yanatoka. Dawa yake inahesabiwa kuwa ya Henry Maudslay, kijana wa karakana yake: ukosi wa ngozi unaobanwa na shinikizo lenyewe, kiasi kwamba maji yanavyozidi kusukuma ndivyo unavyozidi kuziba, na yakiachiliwa nao hulegea. Pascal namheshimu, lakini salamu zangu za kwanza nazipeleka kwa ukosi ule. Sili za mpira zilizomo ndani ya silinda za leo zinafanya kazi ile ile.

Nguvu inayopatikana hapo si ya mchezo. Silinda yenye pistoni ya milimita 40, ikipewa shinikizo la bar 200, husukuma kwa uzito wa takriban tani mbili na nusu, na silinda yenyewe unaweza kuibeba kwapani. Mwaka 2017 kule Bermuda, katika mashindano ya Kombe la Amerika, timu ya New Zealand iliwaketisha mabaharia wake juu ya pedali za baiskeli ili miguu, iliyo na nguvu kuliko mikono, ndiyo ijaze shinikizo la mafuta. Wapo waliocheka. New Zealand ikashinda 7 kwa 1.

Lakini mashindano ni siku chache, na matunzo ni mwaka mzima. Mtazame fundi anapofungua silinda ya usukani iliyoanza kulia machozi. Kwanza huachilia shinikizo lote mpaka geji isome sifuri. Kisha, kabla ya kugusa spana, huchukua kitambaa kisichoacha nyuzi na kupangusa kila mahali kuizunguka silinda. Mpira akiufungua, huuziba mdomo papo hapo. Chembe ya mikroni 10, ambayo unywele wa binadamu huishinda unene karibu mara saba, inatosha kukwaruza vali. Sili kuukuu huitoa kwa kijiti cha plastiki, si kwa bisibisi, maana chuma kitachubua mfereji wake. Halafu hufanya jambo ambalo mwanagenzi hulidharau: hupitisha ukucha juu ya fimbo ya pistoni, taratibu, kutoka ncha hadi ncha. Ukucha ukinasa, chumvi imeshatoboa vishimo, na sili mpya itakatwakatwa ndani ya muda mfupi. Hapo hubadilisha fimbo kwanza, hata kama mwenye chombo ananuna. Mwishoni huipaka sili mpya mafuta yale yale ya mfumo na kuiweka mdomo wake ukielekea shinikizo. Ikigeuzwa, haizuii kitu.

Fundi wa kalafati, yule anayeshindilia pamba kati ya mbao za jahazi, ana mpaka mmoja wa kulinda: maji yasiingie. Huyu wetu ana miwili. Mafuta yasitoke, na maji, mchanga na hewa visiingie. Mafuta yakigeuka rangi kama chai ya maziwa, ujue maji yameshaingia. Hewa ndiyo mjanja zaidi, kwani haionekani, na kwa kuwa hubanika, usukani wenye hewa huzunguka bila chombo kutii. Kuitoa ni kazi ya watu wawili: mmoja kwenye gurudumu, mwingine shetri, na kimpira cheupe ndani ya chupa.

"Zungusha kushoto. Polepole, mwanangu."

"Bado, fundi?"

"Bado yatoa mapovu. Sasa kulia."

Wataendelea hivyo mpaka mafuta yatoke matupu, na hakuna njia ya mkato. Wapo wanaokatiza kwenye aina ya mafuta, wakajazia ya breki kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Sili nyingi za usukani huvimba kwayo na kuharibika.

Kuna la kutisha pia. Mafuta yakichomoka kwenye tundu dogo la mpira kwa shinikizo kubwa, hupenya ngozi. Kidonda huonekana kama cha mwiba na mwanzoni huenda kisiume sana. Aliyepata jeraha hilo hangoji kesho. Hupelekwa kwa daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, kwani anaweza kupoteza kidole au mkono. Kwa hiyo fundi wa kweli hutafuta mvujo kwa kipande cha kadibodi, akikipitisha kando ya mpira mpaka kilowe.

Basi wewe mwenye chombo, ukimkuta fundi wako nusu saa nzima anapangusa na hajafungua hata nati moja, usimharakishe, na nusu saa hiyo mlipe. Ukimkuta anatafuta mvujo kwa kiganja, mteremshe chomboni siku hiyo hiyo.